Miezi kumi ya "ongeza gesi": nifanyeje niwe fundi kamili wa friji na viyoyozi?

Mwanagenzi_Kondele (Jumapili, saa 3:10 usiku)

Salamu kwenu nyote. Nina umri wa miaka 22, nilimaliza kidato cha nne na kupata D+ katika KCSE, na kwa miezi kumi sasa nimekuwa mwanagenzi katika karakana ya friji hapa Kondele, Kisumu. Mkubwa wangu ni mtu mwema na hajawahi kuninyima nauli, lakini mafunzo yake yote yanatosha nyuma ya risiti moja: friji isipopoza, fungua mrija wa kujazia, funga geji, ongeza gesi mpaka mrija wa kurudi utoe jasho, kisha mpigie mwenye friji aje na pesa. Nikimuuliza gesi iliyokuwamo ilikwenda wapi, hunijibu kwamba gesi huisha, kama mafuta ya taa yanavyoisha kwenye kandili.

Wiki iliyopita alinunua pampu ya ombwe, yaani ya kuvuta hewa yote itoke mirijani, iliyokwisha kutumika. Tuliifunga kwenye friji ambayo tulikuwa tumeibadilishia kompresa, tukaiacha ikivuta kwa saa nzima, lakini mshale wa geji ya bluu ulikwama kwenye 26 ilhali uso wa geji unaonyesha kwamba unapaswa kufika 30. Ameamua kwamba tumeuziwa pampu mbovu na anataka kuirudisha. Mimi nina shaka, ila sina maneno ya kuieleza shaka yangu, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Je, pampu ni mbovu kweli? Na la pili, ambalo ni kubwa zaidi: nibaki hapa nikingoja ujuzi unijie, niende chuo, au nikafanye mtihani wa ufundi wa serikali?

Karakana_Bondeni (Jumapili, saa 4:45 usiku)

Kijana, mwambie mkubwa wako asiirudishe pampu kabla hajasoma maneno haya. Mimi nafanyia kazi Nakuru, na pampu yangu nzuri kabisa haijawahi kuupeleka mshale mbele ya 24 tangu niinunue.

Geji ile ya bluu haipimi hewa iliyobaki ndani ya mirija. Inachopima ni tofauti kati ya ndani ya mirija na hewa inayotuzunguka sisi tulio nje. Hiyo 30 iliyoandikwa ni inchi za zebaki, na ni kipimo cha mahali palipo usawa wa bahari, kama pale Mombasa, ambapo uzito wa hewa unakaribia kiasi hicho. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari, kwa hiyo hewa yenu ni nyepesi zaidi na ina uzito wa inchi 26 hivi. Nakuru tuko karibu mita 1,850, nasi tunabakiwa na inchi 24. Mshale wenu ulipofika 26 ulikuwa umefika mwisho wa safari yake kwa hapo mlipo, kwa kuwa hapakuwa na hewa nyingine ya nje ya kuusukuma. Hata hivyo, hilo halithibitishi kwamba pampu ni nzima, kwa sababu geji ya mshale ni butu mno kuonyesha kilichosalia. Tafuteni geji ya mikroni, ambayo hupima kilichomo ndani bila kujali mwinuko wa mahali. Mikroni ni kipimo kidogo sana cha shinikizo, na ombwe la kuridhisha ni mikroni 500 au pungufu. Likifika hapo, fungeni valvu, zimeni pampu, kisha mtazame: namba ikipanda kidogo na kutulia, kuna unyevu uliobaki, ikipanda bila kukoma, kuna tundu.

Mwinuko huo huo huharibu pia usomaji wa jedwali la gesi, lile linaloonyesha shinikizo la gesi kwa kila kiwango cha joto. Gesi ya friji iitwayo R-134a, inayochemka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, huonyesha takriban pauni 4.6 kwa inchi ya mraba kwenye geji iliyo pwani, 6.4 Kisumu, na 7.5 huku kwetu. Jedwali tunalonunua madukani limechapishwa kwa ajili ya pwani. Fundi anayelifuata Nakuru neno kwa neno ataacha friji ina gesi pungufu, kisha atashangaa mteja akirudi.

Ama kuhusu gesi kuisha kama mafuta ya taa, hapo sina budi kumpinga mkubwa wako, pamoja na heshima zote. Mafuta ya taa huungua, lakini gesi ya friji haiungui wala hailiwi. Kompresa huibana ikawa moto na yenye shinikizo kubwa. Kondensa, ile wavu nyeusi iliyo nyuma, huimwagia joto lake hewani mpaka igeuke kioevu. Kapilari, ule mrija mwembamba sana, huibana njia hadi shinikizo lianguke ghafla. Kisha ndani ya evaporeta, yaani mirija ya upande wa baridi, kioevu hicho huchemka kwenye baridi kali, na kwa kuchemka huko hukinyang'anya chakula joto lake na kulirudisha kwa kompresa. Mzunguko ni huo huo, gesi ni ile ile, hata kwa miaka 20. Ikiwa imepungua, imetoka mahali, na mahali hapo pasipozibwa mteja atarudi. Pengine ndiyo maana wengine hawapazibi.

Mchuuzi_Dunga (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)

Naomba niseme neno kama mteja, maana ninyi mafundi mnazungumza wenyewe kwa wenyewe.

Nauza mbuta na ngege karibu na ufuo wa Dunga, na nina friza mbili za kulalia. Mwaka jana moja ilianza kulainisha samaki mchana, ingawa usiku iliganda vizuri. Alikuja fundi wa kwanza, akaongeza gesi, nikalipa shilingi 2,500. Baada ya wiki mbili hali ikarudi ile ile. Wa pili akaongeza gesi. Wa tatu naye akaongeza gesi, na safari hii friza ikawa mbaya kuliko mwanzo, kompresa ikiunguruma na kuzima yenyewe. Samaki niliowatupa siku hiyo sitaki kuwakumbuka.

Wa nne alikuwa binti mdogo, ambaye nilimpuuza kwa umri wake, Mungu anisamehe. Hakufungua begi la gesi. Aliuliza kwanza kwa nini baridi inakuwapo usiku na kukosekana mchana, kisha akaivuta friza kutoka ukutani, akatazama chini, akanionyesha kondensa iliyofunikwa vumbi, magamba na mafuta mpaka haipitishi upepo. Aliisafisha kwa brashi, akapunguza gesi iliyozidi kwa kuivutia kwenye mtungi wake badala ya kuiachilia, akaniamuru niiache friza sentimita 20 kutoka ukutani. Tangu siku hiyo sijaita fundi. Kwa hiyo, mwanangu, mahali ambapo binti yule alifundishwa kuuliza lile swali la usiku na mchana, ndipo nawe uende.

Mpita_Njia (Jumatatu, saa 6:05 mchana)

Vyeti havipozi friji. Nimeajiri vijana watatu wenye diploma na hakuna hata mmoja aliyejua kuunga mrija wa shaba bila kuutoboa. Baki karakana, kijana, pesa ya karo nunua vyombo.

Mwalimu_wa_Karakana (Jumatatu, saa 12:30 jioni)

Ndugu Mpita_Njia anasema ukweli nusu, na nusu hiyo inatuuma sisi walimu kwa sababu tunaijua. Nimefundisha ufundi Kakamega kwa miaka mingi, na nimewahi kupokea wanafunzi 40 ambao walipaswa kugawana seti moja ya geji. Mwanafunzi wa namna hiyo humaliza kozi akiwa ameuona mrija ukiungwa, hajauunga. Lakini tiba yake ni kuchagua chuo kwa macho wazi. Kuacha kusoma hakuitibu. Wale mafundi watatu waliojaza friza ya mama wa Dunga, nadhani hawakukosa mikono.

Sasa nikujibu, mwanagenzi. Kwa alama ya D+ unakubaliwa katika Kiwango cha 5, ambacho ni cheti, na ukifaulu hapo unaweza kuendelea hadi Kiwango cha 6, yaani diploma, ambacho kwa anayetoka moja kwa moja kidato cha nne huhitaji C-. Kuna pia Viwango vya 3 na 4 kwa wenye alama za chini zaidi. Chini ya mfumo huu mpya wa umilisi, ambao mitihani yake husimamiwa na TVET CDACC, baraza la mitaala na upimaji wa ufundi, mwanafunzi hupimwa kwa kazi anazoweza kuzifanya mbele ya mpimaji, naye hukusanya ushahidi wa kazi hizo tangu mwanzo wa kozi.

Njia ya pili ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambao una madaraja matatu, huanzia Daraja la III na kupanda hadi la I. NITA wana kituo chao hapo hapo Kisumu, kwa hiyo hutahitaji kusafiri ili kuulizia. Mtihani huu uliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, waliojifunza wakiwa kazini, na una sehemu ya nadharia na sehemu ya vitendo. Kwa miezi kumi uliyokaa karakana, sehemu ya vitendo huenda ukaimudu. Ya nadharia, kwa mafunzo uliyoyaeleza, hutaimudu bado.

Ushauri wangu ni kwamba usichague kati ya njia hizi mbili, uzifuatanishe. Jiandae kwa Daraja la III huku ukiendelea na kazi, kisha utakapopata karo ujiunge na Kiwango cha 5. Eneo letu lina vyuo vya kitaifa vya ufundi Kisumu, Sigalagala na Eldoret, mbali na vyuo vidogo vya kaunti ndogo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha chuo kina leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, kisha nenda kwa miguu yako ukaombe kuiona karakana. Usiridhike na jina la kozi lililobandikwa langoni. Hesabu pampu za ombwe. Uliza mtungi wa naitrojeni uko wapi, na kama wana mashine ya kuvuta gesi ya zamani isimwagwe hewani. Tazama kama kuna vumbi juu ya mashine hizo, maana vumbi halidanganyi. Uliza pia mwanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya nje, kwa sababu kijana aliyekaa miezi mitatu kwenye vyumba vya baridi vya maua kule Naivasha hatakuwa sawa na aliyekaa ofisini akipiga nakala za barua.

Binti_wa_Maziwa (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Mimi si yule binti wa Dunga, ingawa ningefurahi kuwa yeye. Natunza matangi ya kupozea maziwa upande wa Eldoret. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili wake na yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 ndani ya saa chache, la sivyo wakulima wote waliopanga foleni asubuhi hiyo hurudi na madebe yao. Kwa hiyo sina muda wa kubahatisha.

Jambo ambalo halijatajwa bado ni umeme, na hapa ndipo wanagenzi wengi hupotea. Katika hitilafu ninazoitiwa, nyingi hazihusu gesi hata kidogo: ni kapasita iliyokufa, relei (swichi ya kuanzishia kompresa) iliyoungua, waya uliolegea, thamostati isiyofunga, feni iliyoganda. Mwanagenzi, jifunze kutumia mita kabla ya geji. Kompresa ya friji ya nyumbani ina pini tatu. Chukua mita, pima ukinzani wa kila jozi: usomaji mkubwa kabisa ni ule ulio kati ya pini ya kuanzishia na ya kuendeshea, nao ni sawa na jumla ya zile mbili nyingine. Ukisoma omu 10 na omu 15, ya tatu sharti ikaribie 25. Kisha pima kila pini dhidi ya mwili wa kompresa. Mita ikionyesha njia yoyote, usiiwashe mashine hiyo. Kazi hii ni ya dakika mbili, na haihitaji kukata mrija wowote.

Jambo jingine ni umeme wetu wa kukatika na kurudi. Ukirudi mara moja, kompresa hulazimika kuanza ikiwa shinikizo la pande mbili halijasawazika, hukwama, huvuta mkondo mkubwa na kuungua. Mfungie mteja kifaa cha kuchelewesha, cha dakika tatu hadi tano, nawe utakuwa umemwokolea kompresa.

Na usidhani kwamba baridi zaidi ni bora zaidi. Niliwahi kuitwa zahanati ambako friji ya chanjo ilikuwa imewekewa thamostati ya friji ya soda. Chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na zipo ambazo zikiganda mara moja tu huharibika kabisa, ingawa kwa macho zinaonekana kama kawaida. Friji ile iligandisha vizuri sana, na ndiyo iliyokuwa hitilafu yake.

Mwanagenzi_Kondele (Jumanne, saa 2:15 usiku)

Mwalimu, mzee wa Bondeni, dada zangu, asanteni. Leo nilipima kompresa tatu zilizotupwa nyuma ya karakana, na moja kati ya hizo ni nzima kabisa. Relei yake ndiyo iliyokuwa imeungua. Mkubwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu.

Nina swali la nyongeza. Friji mpya zinazoingia zina kibandiko cha R-600a. Tukizijazia, mshale hukaa chini ya sifuri, nasi huendelea kuongeza mpaka upande juu yake. Je, tunafanya sawa?

Karakana_Bondeni (Jumanne, saa 4:00 usiku)

La, hasha. Acheni leo hii.

R-600a ni aisobuteni. Katika evaporeta ya friji inayofanya kazi vizuri, shinikizo lake huwa chini ya lile la hewa ya nje, kwa hiyo mshale kukaa chini ya sifuri ni afya yake. Mkiulazimisha upande, mmeijaza kupita kiasi, na friji hiyo hubeba gramu chache tu, mara nyingi kati ya 30 na 80 kwa friji za nyumbani. Gesi hii hupimwa kwa mizani, kwa kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Geji haitoshi. Na kwa kuwa upande wa chini uko kwenye ombwe, tundu la upande huo hunyonya hewa na unyevu kuingia ndani badala ya kutoa gesi nje, hivyo povu la sabuni halitakuonyesha kitu mashine ikiwa inafanya kazi. Izime, shinikizo lisawazike, ndipo upake.

Kisha kuna moto. Gesi hiyo huwaka, ni nzito kuliko hewa, na hutulia sakafuni ikingoja cheche. Kamwe usiuguse kwa mwali wa kuchomelea mrija ambao bado una R-600a. Toa gesi mahali penye upepo, mbali na soketi na jiko, kata mrija kwa kikatio, pitisha naitrojeni, ndipo uwashe moto. Naitrojeni ikipita taratibu wakati wa kuunga huzuia pia ule ukoko mweusi ndani ya shaba, ambao baadaye huziba kapilari. Na ikiwa utapima uvujaji kwa shinikizo, tumia naitrojeni yenye regyuleta ya kudhibiti shinikizo, kamwe usitumie oksijeni: oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Najua pia kwamba wapo wanaojaza gesi ya kupikia kwenye friji za R-134a ili kuokoa pesa. Gesi ile ina unyevu na dawa ya harufu, na mashine ile haikutengenezwa kwa gesi inayowaka. Swichi ya mlango yenyewe hutoa cheche.

Usione nakukaripia. Mimi nilijifunza kwa R-12, gesi ya friji ya zamani, na kwa miaka kadhaa niliifungulia hewani tu, ikilia fyuu, nikiona ni sauti ya kazi. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulikuwa umekwisha kutiwa saini kwa sababu gesi za aina hiyo zinatoboa ozoni, lakini habari hiyo haikuwa imefika Bondeni, au ilifika tukaipuuza. R-134a iliyokuja baadaye haidhuru ozoni, ila huhifadhi joto angani takriban mara 1,430 zaidi ya hewa ya ukaa, ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali na kukubaliana kuzipunguza gesi za jamii yake. R-600a inakuja kwa sababu hiyo. Kumbuka kwamba hapa kwetu gesi zinazodhuru ozoni zina kanuni zake tangu 2007, chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nazo huulizwa kwenye mitihani.

Mpita_Njia (Jumatano, saa 1:50 asubuhi)

Hilo la mwinuko wa mahali sikulijua. Nimefanya kazi Kericho miaka 11 nikidhani geji zangu zote ni mbovu.

Mwanagenzi_Kondele (Jumamosi, saa 11:30 jioni)

Narejea na taarifa. Fundi mmoja wa Milimani alituazima geji ya mikroni kwa siku moja. Pampu yetu ilishuka hadi 420. Tulipofunga valvu ilipanda hadi karibu 1,500, ikatulia hapo. Tukakumbuka kwamba tulibadilisha kompresa lakini hatukubadilisha draya, yaani lile chujio la kukausha unyevu, na mirija ilikuwa imekaa wazi siku mbili za mvua. Tuliweka draya mpya, tukavuta tena kwa saa mbili mchana jua likiwa kali, na safari hii ilisimama kwenye 480 bila kupanda. Friji sasa inagandisha tangu Alhamisi.

Jana nilikwenda kituo cha NITA kuulizia Daraja la III na kuchukua orodha ya yale yanayotahiniwa. Nadharia ya umeme inanitisha, kwa hiyo nimeazima vitabu vya fizikia vya kidato cha pili na cha tatu kutoka kwa mdogo wangu. Kiwango cha 5 nimekiweka mwakani, baada ya kuzitembelea karakana za vyuo viwili na kuhesabu pampu kama Mwalimu alivyoelekeza.

Mkubwa wangu ameirudisha pampu rafuni na kuifunika kwa gunia safi. Hajasema lolote kuhusu mafuta ya taa, lakini leo mchana, mteja alipoleta friji na kusema gesi imeisha, nilimsikia akimuuliza baridi hupotea saa ngapi. Amenituma pia nimuulize mzee wa Bondeni: hiyo geji ya mikroni inauzwa wapi, na je, iliyokwisha kutumika inafaa?